Kumbukumbu Tano za Mlango Mmoja

Injinia Hamduni Mbwambo alivua miwani, akaikunja na kuiweka mezani, kisha akainamisha kichwa ili avishwe taji. Alikuwa mjumbe wa nne wa bodi kuvishwa siku ile. Atuganile Mwakyoma alilikaza taratibu nyuma ya masikio yake, akarudi upande wake wa meza na kutazama kioo kidogo kilichokuwa mbele yake.

"Taja jina lako na kitu kimoja ulichokula jana."

"Hamduni Mbwambo. Nilikula makande."

Kioo kiling'aa cheupe.

"Sasa nidanganye."

"Mimi ni mpiga tarumbeta wa jeshi."

Kioo kikawa chekundu. Taji lilikuwa linafanya kazi.

Atuganile alikuwa mhakiki wa wasifu, mwenye kiapo, kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Vyeti na barua za sifa vilikwishapoteza heshima zamani. Mtu yeyote aliweza kujitengenezea maisha mazima ya karatasi kabla chai haijapoa. Kwa hiyo sheria ilidai kwamba kila anayekaa kwenye bodi ya kampuni inayoshughulika na chembe hai za binadamu aeleze kwa mdomo wake alikotoka: aliongoza wapi, aliongoza nani, na mambo yalipoharibika aliamua nini. Taji lilisoma ubongo wakati akieleza. Jambo ambalo mtu ameliishi lilitoa mwanga mweupe. Jambo alilosimuliwa au kulisoma lilitoa wa manjano. La kubuni lilitoa mwekundu. Bodi ikiwa na wajumbe watano walioonyesha weupe kwamba waliwahi kuamua katika janga, ilipewa mamlaka ya dharura: siku tisini za kutenda bila kuingoja serikali.

Kampuni ya Uzaohai, huku Mafinga katikati ya misitu ya misindano, iliyaomba mamlaka hayo. Barua ilifika Jumatatu. Leo ilikuwa Jumanne, na bodi ingepiga kura Jumamosi.

Sababu yake ilikuwa mwendo wa saa moja kutoka pale, kwenye kituo cha Nyamasasi. Uzaohai ilikuza chembe za neva ilizoziita miche, ikazipanda nyuma ya sikio la wagonjwa wanaopoteza kumbukumbu. Kwa miaka mingi miche ile iliwarudishia wazee majina ya wajukuu zao. Lakini aina mpya, iliyopandwa kwa wagonjwa thelathini na mmoja wa Nyamasasi, ilistawi kupita kiasi. Wiki mbili zilizopita, mfanyakazi wa jikoni ambaye hajawahi kupandwa chochote alianza kusimulia harusi ya mgonjwa mmoja kana kwamba ilikuwa yake. Walipompima, walikuta mche unaota ndani ya kichwa chake.

"Niambie kuhusu Itengule," Atuganile alisema.

Wasifu wa Mbwambo, kama wa wenzake wanne, ulisema alikuwa kwenye kamati ya dharura ya Hospitali ya Itengule, miaka ishirini na miwili nyuma, wakati wa homa ya madoa.

"Ilikuwa siku ya tisa," Mbwambo alianza. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Wodi ya nne ilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja. Wodi nyingine zilikuwa na watu zaidi ya mia mbili ambao homa ilikuwa haijawafikia. Nilisimama mlangoni. Ufunguo ulikuwa mkono wa kulia. Kitasa kilikuwa cha baridi, na skrubu yake moja imelegea. Nje mvua. Sauti ya mwanamke ikaniita kutoka ndani, 'Metroni, taa imezimika.' Nikageuza ufunguo. Nikaenda kunywa chai."

Kioo kilikuwa cheupe tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Atuganile aliinua macho. "Huyo mwanamke alikuitaje?"

"Alini..." Mbwambo aliutazama mkono wake wa kulia. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na sita, mwenye ndevu za mvi, aliyetumia ujana wake wote kujenga madaraja. "Metroni," alisema polepole, na midomo yake ikabaki wazi kidogo. "Ndivyo ninavyokumbuka."

"Na ulijisikiaje ulipofunga?"

"Sawa tu. Chai ilikuwa na tangawizi."

Kwenye daftari la Atuganile, wajumbe watatu waliotangulia walikuwa wameitaja tangawizi ile ile. Mmoja alikuwa mwanasheria, wa pili kanali mstaafu, wa tatu mwenyekiti mwenyewe, Dakta Valerian Kihwele. Wote waliitaja skrubu iliyolegea. Mpaka dakika ile alikuwa amejiambia kwamba watu wa kamati moja hukumbuka mlango mmoja. Lakini ufunguo hugeuzwa na mkono mmoja, na kila mmoja wao alikuwa anakumbuka kwamba ni wa kwake.

Mjumbe wa tano alipoingia baada ya chakula cha mchana, Atuganile hakushangaa tena. Alimsikiliza, akatazama weupe ukitulia kwenye kioo, akaandika neno tangawizi kwa mara ya tano.

*

Orodha ya zamani ya wauguzi wa Itengule ilikuwa na metroni mmoja tu: Rustika Luvanda. Jumatano saa tatu asubuhi Atuganile alikuwa mlangoni kwake, pembeni mwa mji wa Njombe, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Ndani palisikika mashine ya kufuma ikienda na kurudi, na mtu akiimba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, huko nje utaganda."

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, mwenye mashavu mekundu ya watu wa baridi. Chumba kilijaa sweta za shule, za kijani na za buluu, zimepangwa hadi dirishani. Alimpokea Atuganile kwa mkono, lakini vidole vyake viwili vilipita kiganja vikatua kwenye kifundo, penye mshipa. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama anayehesabu.

"Unahesabu nini, Mama?"

Rustika aliutazama mkono wake mwenyewe, akacheka. "Sijui. Mkono huu una tabia zake."

"Uliwahi kufanya kazi hospitali?"

"Wananiambia hivyo. Mimi naona nimezaliwa na mashine hii."

Binti yake, Egidia, aliyekuwa akikunja sweta kwenye kona, aliweka chini ile aliyoishika. "Dada, njoo unisaidie kuinjika chai," alisema. Jikoni alifunga mlango, akasimama ameuegemea.

"Wewe ni wa Uzaohai?"

"Mimi ni mhakiki. Nimekuja kuulizia Itengule."

"Usiulize hapa." Egidia alikuwa na umri unaokaribiana na wa Atuganile, miaka arobaini na kidogo, na alisema kwa sauti ya chini, bila hasira. "Baada ya ile homa, mama hakulala miaka sita. Akilala, anaamka. Akiamka, anakwenda kwenye milango. Yetu, ya jirani, ya banda la kuku. Majirani wakaanza kutuogopa. Mwaka wa saba akaanza kukataa chakula. Ndipo nikampeleka Mafinga. Walisema wanaweza kuing'oa hospitali yote kutoka kichwani mwake, na kuitunza. Mama alikubali mwenyewe, nilikuwepo."

"Kuitunza tu?"

Egidia alifungua kopo la majani ya chai, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Atuganile aliisoma. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kumbukumbu ile ni mali ya Rustika Luvanda, na haitapandwa kwa mtu mwingine bila ridhaa yake.

"Wameitumia?" Egidia aliuliza.

"Watu watano wanayo."

Egidia alikaa juu ya tita la kuni. Upande wa pili wa ukuta, Rustika aliendelea kuimba wimbo wa kanisani, akikosea maneno na kuyaacha hivyo hivyo.

"Msikilize," Egidia alisema. "Miaka kumi na mitano sasa anaimba. Chochote unachotaka kufanya na hao watu watano, kifanye. Mama yangu usimguse."

*

Ofisi ya Dakta Kihwele ilitazama msituni, na misindano ilisimama kwenye mistari iliyonyooka mpaka macho yakachoka kuifuata. Alimkaribisha Atuganile kiti alasiri ile ile, akamwagizia kahawa, akangoja msaidizi atoke.

"Nilijua utakwenda Njombe," alisema. "Mhakiki mzuri angekwenda."

"Mmechukua kumbukumbu ya mtu mkajipandia."

"Tumechukua uzoefu. Fikiria vizuri, Bi Mwakyoma. Nchi nzima hii ina watu wangapi waliowahi kusimama mbele ya mlango kama ule na kuamua? Sisi tulimjua mmoja, na alikuwa anaomba asiujue tena. Tungeutupa? Bodi hii ilikuwa ya wasomi wa maabara na watu wa vikao. Sasa ina watu watano wanaojua uamuzi mgumu unavyoshikika mkononi."

"Na hawajuti. Nimewauliza wote."

"Tuliupogoa mche. Hata hiyo misindano hapo nje hupogolewa ili ikue wima."

"Mlikata nini hasa?"

"Kila kitu baada ya chai." Alisema kama mtu anayeeleza jambo dogo la shambani. "Mafundi waliupitia. Kilichofuata kilikuwa kilio, siku baada ya siku, hakuna uamuzi wowote ndani yake. Kiongozi anahitaji kujua jinsi ya kugeuza ufunguo. Kulia atajifunza mwenyewe, kama ana muda."

Atuganile hakuigusa kahawa. "Jumamosi mtapigia kura kitu gani?"

"Kufunga Nyamasasi. Maji yatapita, chakula kitapita kwenye tundu. Mtu hatapita, wala wa kuingia wala wa kutoka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kuwe kimya."

Nje upepo uliinamisha vilele vya miti vyote kwa pamoja, ukaviachia. Atuganile alisikia sauti yake mwenyewe ikisema hatatia saini.

"Hilo ni haki yako," Kihwele alijibu. "Lakini unaijua sheria kuliko mimi. Taji limesema weupe mara tano. Ukikataa bila shahidi, kabla ya Jumamosi saa nne nitakuwa nimempata mhakiki mwingine. Anayeweza kutupinga ni mwenye kumbukumbu, akivishwa taji na kuidai. Na huyo ukimvisha leo, kioo kitabaki giza. Hana kitu."

"Mche wake mzima mnao."

"Tunao, kwenye jokofu, haujaguswa. Sisi tulipandwa nakala. Ule ni mali yake, akiuomba atarudishiwa; ni kazi ya dakika arobaini, na asubuhi inayofuata atakumbuka kila kitu. Nimekwishawaambia mafundi wasiwazuie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hutamleta." Kihwele alimtazama bila chuki, karibu kwa huruma. "Utamrudishia bibi kizee anayeimba ile miaka sita? Hujawahi kumuumiza mtu mmoja kwa ajili ya wengine. Mimi nimewahi."

"Wewe hujawahi. Ni yeye."

"Nakumbuka nimewahi," Kihwele alisema. "Unadhani kuna tofauti gani?"

*

Atuganile alilala Mafinga na Alhamisi akaendesha gari kurudi Njombe. Mara mbili alisimama kando ya barabara. Mara ya kwanza aligeuza gari kabisa, akaendesha kama kilomita tatu kuelekea alikotoka. Alijaribu kujiambia kwamba kati ya wale thelathini na mmoja hamfahamu hata mmoja, ilhali Rustika amekwisha kumshika mkono. Ikawa hoja ile inafanya kazi kwa pande zote mbili. Akageuza tena.

Alimkuta mzee mashineni. Egidia alipomwona mlangoni, uso wake ulijifunga.

"Dada, nilikuomba."

"Uliniomba, na sikukujibu," Atuganile alisema. "Nimefikiria njia ya kulimaliza bila yeye, sijaipata. Nikinyamaza, nitakuwa nimeamua kwa niaba yake, kama walivyoamua wao."

"Mnazungumza juu ya kichwa changu kama mimi ni mtoto mchanga," Rustika alisema. Alisimamisha mashine. "Kaa hapa, mwanangu. Sema."

Atuganile alisema. Alieleza homa, wodi ya nne, ufunguo. Alieleza karatasi iliyo kwenye kopo na mche ulio kwenye jokofu. Alieleza watu watano na kura ya Jumamosi. Hakupunguza wala kupamba. Alipofika kwenye miaka sita ya kutolala, alimtazama Egidia, na Egidia akageukia dirisha.

Rustika alivuta uzi mmoja uliotoka kwenye mkono wa sweta.

"Nilifanya vibaya?" aliuliza mwishowe.

"Sijui, Mama. Najua watu mia mbili walitoka wazima pale."

"Na wale kumi na mmoja wana majina?"

"Lazima wanayo. Rejista ya wodi ile ilichomwa pamoja na magodoro."

"Hao watano wanayajua?"

"Hawayajui. Kumbukumbu yao inaishia kwenye chai."

"Basi hakuna mtu duniani anayeyajua," Rustika alisema. "Yamo kwenye jokofu."

"Mama, hukumbuki ilivyokuwa," Egidia alisema, bado amewapa mgongo. "Mimi nakumbuka. Nilikuwa nakufunga mkono na wangu kwa kanga ili ukiamka niamke."

"Pole, mwanangu. Hilo sikulijua." Rustika aliinuka, akaenda akasimama karibu na binti yake, kichwa chake kikimfika begani. "Lakini kama wanakwenda kuwafungia watu wakisema mimi ndiye niliyewafundisha, nataka kujua niliwafundisha nini. Nipelekeni."

Ijumaa saa tano asubuhi walikuwa Mafinga. Fundi wa Uzaohai alitoa kichupa kidogo kutoka kwenye jokofu, kimeandikwa jina la Rustika, ndani yake kitu cheupe kama uzi wa buibui. Alimchoma nyuma ya sikio. Egidia aliketi pembeni ya kitanda na kanga mapajani, na hakumsemesha Atuganile neno.

Jumamosi alfajiri Rustika alifumbua macho. Alitazama dari, akatazama mlango wa chumba, akautazama kwa muda mrefu. Atuganile aliuliza kama anakumbuka.

"Nipe maji kwanza," alisema. Sauti ilikuwa ile ile, lakini haikuwa na wimbo ndani yake.

*

Wajumbe wote saba wa bodi, wale watano na wengine wawili, walikaa upande mmoja wa meza ndefu. Kihwele alikuwa katikati, Mbwambo mwishoni kabisa karibu na dirisha. Atuganile alisema kwamba mwenye kumbukumbu amekuja kuidai, akamvisha Rustika taji na kukiweka kioo mahali ambapo kila mtu angekiona.

Rustika alieleza siku ya tisa. Alipotaja kitasa na skrubu, kanali mstaafu aliinamisha kichwa, kwa sababu alikuwa akisikia maisha yake mwenyewe kinywani mwa mtu mwingine. Kioo kilikuwa cheupe.

"Nikageuza ufunguo," Rustika alisema. "Nikaenda kunywa chai."

"Tunashukuru, Mama," Kihwele alisema. "Bodi inakiri kwamba..."

"Chai sikuimaliza."

Kihwele aliweka kalamu chini.

"Nilikaa nayo saa moja mbele yangu. Kisha nikarudi nikafungua ule mlango." Alikuwa akisema taratibu, akiangalia mikono yake. "Sikumwomba mtu ruhusa. Niliingia. Wanne walikuwa hai. Niliwabeba mmoja mmoja mgongoni mpaka chumba cha kufulia, kule nyuma ya jengo, kina madirisha pande zote. Nikayafungua yote. Nikakaa nao siku kumi na mbili, nikapokea chakula kwa kamba, sikumgusa mtu wa nje. Wote wanne walipona. Wale mia mbili mnaowasema hawakuokolewa na ufunguo. Waliokolewa na chumba cha kufulia. Kilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila sikuwa nimekifikiria, kwa sababu kufunga mlango ni rahisi zaidi."

Kioo kiliwaka weupe mpaka ukamulika nyuso zao.

"Saba walikufa. Watano walikuwa wamekwishapoa nilipofika. Wawili walikuwa bado na joto. Hao wawili ndio walioninyima usingizi, kwa sababu ya ile saa moja." Akayataja majina, yote saba, na ya baba zao, na vijiji walivyotoka. La mwisho lilikuwa la mwanamke aliyemwita kuhusu taa.

Kihwele alikuwa amegeuka kumtazama mkuu wa mafundi aliyekaa ukutani. "Mlisema hakuna uamuzi ndani yake," alisema.

"Kulikuwa na kilio kingi, Daktari," fundi alijibu. "Hatukusikiliza mpaka mwisho."

Atuganile aliandika kwenye fomu kwamba wajumbe watano hawana uzoefu wanaoudai, akatia saini, akapiga muhuri.

Watu walipoanza kuinuka, Mbwambo alizunguka meza, akapiga goti moja mbele ya kiti cha Rustika kama watu wa kwao wafanyavyo mbele ya mzazi.

"Shikamoo, Mama. Ile saa moja mimi sina. Nina ufunguo tu mkononi, kila siku. Nakuomba unigawie hiyo nyingine."

Rustika alimwangalia. Vidole vyake viwili vilimwendea kwenye kifundo cha mkono, na safari hii alijua anahesabu nini.

"Hii si ya kugawa, baba," alisema. "Na huihitaji. Saa yako mwenyewe inakungoja huko Nyamasasi. Chelewa uipate, au nenda sasa."

*

Mbwambo alikwenda. Madaktari wa serikali walifika Jumanne; wakamkuta yuko ndani tangu Jumamosi jioni, pamoja na wauguzi wawili waliokubali kumfuata. Walikuwa wamewatenganisha wagonjwa katika maghala ya mbao ya zamani, kila ghala milango na madirisha wazi, na yeye mwenyewe alikuwa anafua mashuka. Kati ya wale thelathini na mmoja, tisa walikufa. Ishirini na wawili waling'olewa miche wakatoka. Mfanyakazi wa jikoni pia alipona, ingawa husikitika mara kwa mara kwa ajili ya mume ambaye hakuwahi kuwa wake.

Mbwambo aliambukizwa. Ili kumponya ilibidi wakate ndani sana, na Itengule ikaondoka pamoja na vitu vingine vingi. Leo akionyeshwa picha za madaraja aliyojenga, husema ni mazuri, na kuuliza ni ya nani. Maghala anayakumbuka.

Dakta Kihwele alipelekwa mahakamani. Hakimu aliagiza avishwe taji, akaulizwa kama anajuta. Alisema hapana, na kioo kikawa cheupe.

Rustika halali vizuri. Huamka alfajiri akazunguka kwenye milango, na Egidia huamka naye. Atuganile alianza kwenda Njombe kila Jumamosi. Kwa miezi minne Egidia alimfungulia mlango bila kumsalimu. Mwezi wa tano alimletea kiti, akakiweka karibu na mashine, akarudi kukunja sweta.

Siku hiyo Atuganile aliuliza swali alilokuwa akilibeba njiani kila wiki.

"Mama, unajuta kurudishiwa?"

Rustika alimaliza mstari aliokuwa akiufuma.

"Leo, ndiyo," alisema. "Niulize tena wiki ijayo."

Wiki iliyofuata Atuganile alikwenda, akauliza.